Mechi Tuliyomwekea Mama

Mdogo wangu ni golikipa. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nyumbani kwetu lilisemwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa ambao familia inatumaini utapona wenyewe. Mimi nasuka nywele Ipagala, hapa Dodoma mjini, katika chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga. Yeye anadaka mipira katika ligi ya wanawake. Mama yetu analima mtama na alizeti kwenye miteremko ya karibu na Kolo, kule Kondoa, na mpaka wakati ninaousimulia hapa alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akidaka hata mpira mmoja.

Si kwamba alimkataza. Mwanzoni alimkataza, kisha akachoka, kisha akazoea. Watu wakimuuliza kisimani kama ni kweli binti yake anacheza mpira, alijibu, "Ndivyo wanavyosema," akaendelea kuchota maji. Mechi zenyewe zilichezwa mbali. Pale kijijini runinga ipo kwenye kibanda umiza, ambako vijana hulipa kiingilio waangalie timu za Ulaya, na Mama hakuona kwa nini mwanamke wa umri wake akabanane nao gizani. Halafu macho yakaanza kumsumbua. Akawa anapepeta mtama kwa kuusikiliza na kutambua majirani kwa mwendo wao. Alipofika kuniona Dodoma na kukiamkia kikapu cha nguo nilichokuwa nimekiweka juu ya kiti, nikajua hakuna kusubiri tena. Nikampeleka hospitali, daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ataanza na la kulia.

Mama aliogopa sana. Hakusema anaogopa, alisema alizeti zinahitaji kupaliliwa. Nilimbembeleza, nikamkumbusha kwamba alizeti zina wajukuu wa kuzipalilia, akakubali kwa shingo upande. Tukapangiwa siku.

Jioni ya siku hiyo hiyo tulipopewa tarehe, mdogo wangu akapiga simu kutoka kambini.

"Dada, safari hii tunaonyeshwa kwenye runinga. Moja kwa moja. Na mimi naanza."

"Lini?"

Akaitaja siku. Ilikuwa ndiyo siku ya upasuaji. Asubuhi Mama angefanyiwa jicho, na saa kumi jioni, wakati mwanawe anaingia uwanjani mbele ya nchi nzima, jicho hilo lingekuwa limefunikwa kwa pamba na plasta, na lile jingine halioni chochote cha maana.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, amesikia yote kwa sababu naongea na simu kwa sauti kubwa. Akauliza, "Haiwezi kusogezwa mbele?"

Sikujua kama anauliza mechi au siku ya upasuaji. Nikamjibu, "Usijali, Mama. Nitairekodi. Utaiona ukishafunguliwa jicho."

Nilisema nitairekodi kana kwamba nimezaliwa nikirekodi.

Ukweli ni kwamba king'amuzi changu cha dishi kilikuwa na tundu la USB upande wa nyuma, na siku nilipokinunua muuzaji aliniambia kwamba ukichomeka diski kinaweza kurekodi. Sikuwahi kujaribu. Runinga ya saluni ni ya kuwafanya wateja wasisinzie wakati wa kusukwa. Nani angehitaji kuirekodi? Lakini diski nilikuwa nayo, ile ya nje inayokaa kwenye mkoba mdogo mweusi, watu huiita eksteno. Nilikuwa nimehifadhi humo picha za mitindo yote niliyowahi kusuka na video za mafunzo yangu.

Kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajaja, nikaichomeka. Taa ya diski ikawaka. Nikabonyeza kitufe chekundu cha rimoti. Kwenye skrini yakaja maneno ya Kiingereza kwamba hakuna kifaa kilichounganishwa.

Nikachomoa, nikachomeka tena. Hakuna kifaa. Nikazima king'amuzi, nikawasha. Hakuna kifaa. Nikapuliza vumbi kwenye tundu, maana vumbi jekundu la Dodoma linaingia hata kwenye chupa iliyofungwa. Hakuna kifaa. Diski ilikuwa pale inaonekana, taa yake inawaka, naishika kwa mkono wangu, na mashine inaniambia haipo. Nilikasirika kama mtu aliyesimama dirishani anahudumiwa kila mtu isipokuwa yeye.

Nikampigia fundi aliyenifungia dishi. Alikuja, mtu mzuri, hana maneno mengi. Akaangalia, akageuza rimoti, akatikisa kichwa.

"Dada, mimi kazi yangu ni dishi. Mawimbi yako yako sawa kabisa. Hizi diski kubwa nimeona mara nyingi hazipatani na ving'amuzi hivi. Tumia flashi."

Nilikuwa na flashi ya nyimbo za harusi. Nikaichomeka kwenye tundu lile lile, na mara ikatokea kwenye menyu, jina lake na nyimbo zake zote. Nikajaribu kurekodi taarifa ya habari. Picha ikaenda vizuri kidogo, ikaanza kugandaganda, msomaji wa habari akabaki mdomo wazi, kisha kurekodi kukakatika kwa maelezo kwamba flashi ni nzito mno kupokea. Hata isingegandaganda, isingetosha mechi nzima.

Fundi akasema, "Basi ndiyo hivyo," akaaga.

Lakini mimi nilikuwa nimepata kitu. Kama flashi inasomeka, basi tundu ni zima. Nilifurahi peke yangu pale kama nimeokota hereni iliyopotea. Sikusoma mambo ya umeme wala kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne nikaenda kujifunza nywele. Ila nywele zinafundisha jambo hili: kichwa kikiwasha, usibadilishe mafuta, shampuu na rasta kwa siku moja, maana hata kikiacha kuwasha hutajua kilichowasha ni nini. Unabadilisha kimoja, unangoja, unaangalia.

Kwa hiyo kimoja cha kwanza kikawa tundu, na tundu limepita. Cha pili, diski yenyewe. Nina mteja anayesoma kompyuta chuo kikuu, msichana mpole wa nywele nzito ajabu, akija kusuka anakaa nusu siku. Alipokuja nikamwomba aichomeke diski kwenye kompyuta yake.

"Inasoma, dada. Hii hapa. Picha zako zote zipo. Mh, huyu wa mabutu ni mimi!"

Basi diski ni nzima. Tundu zima, diski nzima, na vikiwekwa pamoja havijuani. Cha tatu, waya. Akaniazima waya wake. Nikabadilisha, nikangoja. Hakuna kifaa.

"Labda ni format," yule mwanafunzi akasema. "Namna diski ilivyopangwa ndani. King'amuzi kinaweza kuwa hakielewi mpangilio wa kompyuta."

"Kingekuwa hakielewi kisingesema kwamba ipo ila hakiielewi?"

Akafikiri. "Ni kweli. Chenyewe kinasema haipo kabisa."

Mama alikuwa kwenye benchi lake, anachambua mchele kwa vidole. Akasema, "Hicho kitu kinagonga."

"Kitu gani, Mama?"

"Hicho ulichokichomeka. Zimeni hizo mashine zenu msikie."

Nilikuwa na mteja chini ya draya na mwingine ananyooshwa kwa mashine ya mkono. Nikazima zote. Saluni ikatulia, tukasikia upepo wa nje na mama muuza zabibu akiita. Nikainama, nikaweka sikio kwenye diski. Ndani kulikuwa na mlio mdogo: tik. Kimya. Tik, kisha kama kitu kinataka kuzunguka kinashindwa. Tik. Nikamwomba mwanafunzi aichomeke tena kwenye kompyuta yake, nikasikiliza. Pale haikugonga. Ilizunguka kwa mvumo mmoja laini, kama cherehani inayokwenda vizuri.

Nikasimama katikati ya chumba na kitana mkononi. Huo mlio niliujua, si wa diski, ila wa draya zangu. Nilipoanza saluni nilikuwa na waya mmoja wa kurefusha umeme, na nikiwasha draya mbili kwa pamoja, zote mbili zilikuwa zinaguna, feni inataka kuzunguka inashindwa, taa zake zinawaka vizuri kabisa. Mteja anaona taa, anadhani draya inafanya kazi, kumbe kichwa kinabaki kibichi.

"Haipati umeme wa kutosha," nikasema.

"Mbona taa inawaka?" mteja wa chini ya draya akauliza.

"Taa haili umeme mwingi. Kinachokula ni kile kinachozunguka ndani."

Mwanafunzi akaniangalia kwa namna ambayo siwezi kuisahau. Akasema tundu la king'amuzi kweli linaweza kuwa dhaifu kuliko la kompyuta, na flashi haina kinachozunguka, ndiyo maana imepona. Kisha akasema, "Dada, wewe ungekuwa darasani kwetu ungetusumbua." Mama akaendelea kuchambua mchele, lakini niliona amenyoosha mgongo.

Mchana huo nilifunga saluni nikaenda mjini, kwenye maduka ya vifaa vya simu. Nilitaka kikasha chenye matundu ya USB ambacho chenyewe kina waya wa kuchomeka ukutani, ili diski itumie umeme wa ukutani na si wa king'amuzi. Duka la kwanza walinipa kisicho na waya wa ukutani, wakaniambia ni kile kile. Nikawaambia si kile kile. Duka la pili hawakuwa nacho. Duka jingine, kijana wa kaunta alianza kunieleza USB ni nini, nikamwacha amalize kwa adabu, kisha nikamweleza ninachotaka na sababu yake. Akaenda stoo akarudi nacho.

Nyumbani nikakiunganisha. Kikasha ukutani, diski kwenye kikasha, kikasha kwenye king'amuzi. Nikainama kusikiliza. Mvumo mmoja laini. Nikapiga kigelegele, wateja wakaitikia bila kujua tunashangilia nini. Nikabonyeza kitufe chekundu.

Skrini ikasema: kifaa kimepatikana, mpangilio wake haueleweki.

Mama akauliza, "Imekubali?"

"Sasa inaiona, Mama. Bado haiielewi."

"Kukuona ni nusu ya kazi," akasema. "Mimi siku hizi hata hiyo nusu sina."

Hapo nikampigia yule mwanafunzi, nikamwambia zamu yake imefika, maana sasa lilikuwa ni lile alilosema mwanzo. Alikuja kesho yake na kompyuta. Akanieleza vizuri: king'amuzi kilitaka kuipanga diski upya kwa mtindo wake chenyewe, na kuipanga upya ni kufuta kila kilichomo. Tukahamishia picha zangu kwenye kompyuta yake kwanza. Tulikaa tukiziangalia zinavyohama: mabibi harusi, wanafunzi, mama mmoja aliyekuwa anapoteza nywele kwa dawa za hospitali niliyemsukia kilemba cha rasta. Nilikuwa sijatambua kazi yangu ni kubwa hivyo. Unasuka kichwa kimoja kimoja, unafagia, unalala.

Zilipohama zote, nikafungua moja moja nihakikishe zinafunguka. Kisha nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi, nikachagua kupanga upya. Kikaniuliza kama nina uhakika. Kidole kikasita kidogo. Nikabonyeza.

Safari hii, nilipobonyeza kitufe chekundu, duara dogo likaanza kupepesa pembeni ya skrini. Nikarekodi kipindi cha mapishi. Nikakirudisha nyuma, nikakicheza. Mpishi akakatakata vitunguu, bila kuganda, mara mbili, mara tatu, kila nilipotaka.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilikuwa nimeshaanza kuwa mtu wa kujaribu. Nikapanga king'amuzi kirekodi chenyewe taarifa ya habari ya jioni wakati nikiwa sokoni. Niliporudi hakikuwa kimerekodi kitu. Nikaangalia saa yake ya ndani. Kwetu ni jioni, jua linazama. Chenyewe kilidhani ni mchana. Kilikuwa nyuma kwa saa tatu, kinafuata saa ya Ulaya, hakuna aliyewahi kukiambia kiko Dodoma. Nilipata baridi nikifikiria mechi ya saa kumi ingerekodiwa kuanzia saa moja usiku, tukamwonyesha Mama tamthilia. Nikairekebisha saa. Hata hivyo nikaamua siku ya mechi nitabonyeza kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ikafika. Asubuhi nilimpeleka Mama hospitali, akaingia ameshika ushungi wake kwa mikono miwili, na kabla sijamaliza kumwombea dua zote ninazozijua wakamtoa, jicho limefunikwa. Daktari akasema limekwenda vizuri, asiiname, asilisugue, kesho tumrudishe lifunguliwe. Tukarudi Ipagala kwa bajaji, nikamwambia dereva aende polepole kama amebeba mayai, na akaenda hivyo.

Nikamlaza Mama kwenye chumba cha ndani, mlango wazi ili asikie. Saluni ilijaa wanawake ambao hawakuja kusukwa. Timu zilipotoka nikabonyeza kitufe chekundu. Duara likaanza kupepesa.

Na hapo mdogo wangu akatokea kwenye skrini. Nilijua atatokea, ila mwili haukujua. Alikuwa mrefu kuliko ninavyomkumbuka, glavu kubwa mikononi, anapiga makofi, anawaambia wenzake kitu. Mtangazaji akataja jina lake kamili.

Mama akaita kutoka ndani, "Amelitaja jina la baba yenu!"

"Ndiyo, Mama."

"Kwenye runinga."

"Ndiyo."

Baba yetu alifariki mdogo wangu akiwa hajaanza shule.

Kisha maswali yakaanza. Amevaa nini? Suruali ndefu, Mama, golikipa anaruhusiwa. Kichwani? Amefunga kitambaa, cheusi. Anakimbia? Hapana, yeye anakaa golini. Sasa anafanya nini? Anangoja. Tulikuwa tukimjibu kwa zamu, na kila tulipopiga kelele alikuwa anauliza ni ya heri au ya shari.

Ya shari ilikuja mapema. Mpira wa pembeni, mdogo wangu akasita kutoka, mpinzani mmoja akaruka juu yake akapiga kichwa. Bao. Niliuma khanga yangu. Mama akauliza, nikamwambia, "Wamefunga." "Wamemfunga yeye?" "Ndiyo, Mama, yeye." Akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu anayepokea habari za msiba wa mbali.

Kipindi cha pili kilipoanza, umeme ukapepesa. Kitambo kidogo tu, lakini king'amuzi kikazima, kikaanza kujiwasha kwa ule uvivu wake, na mimi nikiwa nimepiga magoti mbele yake na rimoti kama naswali. Picha iliporudi nikabonyeza tena. Duara likapepesa. Tulikuwa tumepoteza kipande, hilo halikuwa mikononi mwangu. Muda mrefu baadaye timu yake ikasawazisha, na dakika za mwisho zikawa za yeye peke yake: alidaka, akapangua, akajitupa kwenye miguu ya watu hadi tukafumba macho. Ikaisha sare. Mwenzake mmoja akamnyanyua juu.

Kesho yake hospitali wakafungua jicho la Mama. Muuguzi akalisafisha taratibu, Mama akapepesa, akageuka kuniangalia kwa muda.

"Umenenepa," akasema.

Nikalia pale pale, na muuguzi akacheka hadi akaacha kazi yake.

Tulingoja siku chache, picha itulie jichoni, dawa za matone zifanye kazi. Kisha mchana mmoja nilimkalisha Mama kwenye kiti cha wateja, kile kinachozunguka, nikakigeuza kitazame runinga. Nikafungua orodha ya rekodi. Mechi ilikuwa imekatwa vipande vipande kwa sababu mpangilio wa king'amuzi hauruhusu faili moja kubwa mno, lakini vilifuatana, kimoja kikiisha kingine kinaanza.

Mama alitazama kama anavyotazama mbegu anazotaka kununua. Hakuegemea. Kisha akauliza, "Mbona wamemwacha peke yake kule?"

"Ndiyo nafasi yake, Mama."

"Wote wamekimbilia kule, yeye wamemwacha na nyumba?"

"Ndiyo kazi yake. Kulinda nyumba."

"Na hao wote wakirudi na mpira, anakutana nao yeye?"

"Yeye."

Akatikisa kichwa taratibu. Bao lilipoingia, akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia tena. Nilianza kuona aibu kwa niaba ya mdogo wangu, nikasema, "Mama, ametukosea hapo, tuendelee." Akasema, "Si hapo ninapopaangalia. Rudisha, halafu uiache iende."

Nikaiacha. Bao likaingia, wale wengine wakakimbia wakishangilia, na wachezaji wa timu ya mdogo wangu wakashika viuno. Yeye alikuwa amelala kifudifudi. Akainuka. Akaingia ndani ya wavu, akautoa mpira, akaubeba hadi mbele, akaupiga kwa mguu kuelekea katikati, akaanza kuwapigia makofi wenzake, mdomo wake ukienda bila kupumzika. Siku ya mechi mimi sikuliona hilo. Nilikuwa nimefunika uso kwa khanga.

"Umeona?" Mama akasema. "Hakukaa chini. Angekaa chini, wale wote wangekaa."

Tuliitazama hadi mwisho. Pale palipokatika akasema, "Hapa umeme," kama mtu aliyekuwepo. Dakika za mwisho alikuwa ameshika mikono ya kiti, na mdogo wangu alipojitupa kwenye miguu ya watu, Mama akaita jina lake la utotoni kwa Kirangi, kwa sauti, mbele ya wateja. Kisha akaniomba rimoti. Nikamfundisha vitufe. Akaviweka kichwani siku hiyo hiyo, na kwa muda wote aliobaki kwangu saluni haikuonyesha kitu kingine. Wateja wapya walisimuliwa mechi na yeye. Alikuwa anasimamisha picha kwa kidole gumba, anasema, "Huyu wa kitambaa cheusi ni mwanangu wa mwisho," halafu, akiinua kidevu kuelekea kwangu, "na huyu mkubwa ndiye aliyeitengeneza mashine. Walimwambia haiwezekani."

Nilikuwa nakazana kusuka nisionyeshe uso.

Mdogo wangu alipopata ruhusa kambini alikuja na begi lake. Akamwamkia Mama, "Shikamoo, Mama," Mama akaitikia, "Marahaba," akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwangalia kwa karibu kwa muda mrefu, jicho hili na lile. Sisi wawili tulijua anamwona sawasawa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kisha Mama akamwachia, akasema, "Kaa hapo. Nataka nikuonyeshe kitu."

Akabonyeza rimoti mwenyewe, akalitafuta lile bao, akalisimamisha.

"Hapa ulichelewa kutoka."

Mdogo wangu akanigeukia, macho yamemtoka. Nikainua mabega.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Hata kocha alisema."

"Kocha ameona. Na mimi nimeona." Akaiachia picha iende mbele mpaka kwenye wavu, mpira, makofi. "Na hili hapa, kocha alilisema?"

"Hapana."

"Basi mimi nalisema."

Mdogo wangu, ambaye kwenye runinga mdomo wake haupumziki, akasogea akaegemea goti la Mama, wakaitazama iliyobaki, mmoja kwenye kiti cha wateja na mwingine sakafuni kati ya nywele nilizokuwa sijafagia.

Mama alirudi Kolo wiki iliyofuata, na dawa zake na mifuko ya zabibu za kugawa kwa majirani. Kabla hajaondoka tulipita hospitali. Daktari akamsifu, akasema jicho la kushoto halina haraka, linaweza kungoja hadi baada ya mavuno kama anaona shida kuacha shamba.

Mama akafunga mkoba wake. "Ligi inarudi lini?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Basi, Daktari," akasema, "lifanye kabla ya hapo."